Mama Espoir ni Nani

Bunia, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Yaya Brigitte,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaokula ku meza yako kule Mambasa. Siye tuko, tunapumua, Mungu bado hajatuchoka. Fifi ameleta bulletin, ni wa tatu ku darasa la sita, na amerefuka mpaka nimefungua pindo ya uniforme yake mara mbili. Vumbi ya Bunia unaijua, mwezi huu tunaikula pamoja na bugali. Baba yangu kule Bogoro anakusalimia, mihogo yake imeota muzuri.

Nakuandikia ku karatasi juu ya sababu ku telefone weye unawekaka haut-parleur, na soko yote ya Mambasa inasikia mambo ya nyumba yangu. Mbusa, yule dereva wa kamyo ya muchele, njo atakuletea. Usome peke yako.

Fulgence, ndugu yako na bwana yangu, iko vile vile. Tangu mwezi wa kumi na moja, alipoanguka toka juu ya paa ya nyumba ya masomo akipigilia manjanja, yale mabati, munganga wa hospitali anarudilia neno moja: commotion. Ubongo ilitikisika, mufupa haikuvunjika, atapona, lakini polepole, na mutu asimulazimishe. Alisema mwezi moja. Sasa miezi tatu imepita. Kwa inje hana hata kovu, njo maana majirani wa avenue yetu wanasema Fulgence amezoea kulala. Hawamuonaki pale anajikunja chini sababu Fifi ameangusha kijiko. Dirisha nimeifunga na kikwembe nyeusi, juu mwangaza inamuchoma macho. Maneno inamukimbia. Jana nyundo ilikuwa "ile ya kupigia", na ni mutu aliyejenga nusu ya nyumba za quartier hii. Na hasira sasa, yeye ambaye tangu ndoa hakupandisha sauti kwangu.

Mashini yangu ya kushona njo ilikuwa adui wa kwanza. Nikikanyaga kidogo tu, anashika kichwa na mikono mbili. Basi niliipeleka kwa jirani Madeleine, nashonea kule toka asubuhi mpaka saa saba, juu lazima tukule. Na nani anabaki na mugonjwa? Hapa njo nakuja ku neno yenyewe.

Mu nyumba ndogo ya nyuma ya parsele tuko na mwanamuke, Régine, mujane, alikimbia vita ya Djugu na binti yake. Fulgence mwenyewe alisema tumupokee, mbele hajaanguka. Sina kosa ya kumuonyesha kidole. Anatembea bila kusikika, anaongea chini chini, anaweza kuchagua maharagi saa mbili nzima na hata moja isilie ku sahani. Dunia yote inamusumbua Fulgence, isipokuwa yeye. Miye muke wake nafukuzwa na mashini yangu, yeye anakaa ku mulango wa chumba yangu. Nisikufiche, Yaya, roho inaniuma.

Na binti yake anaitwa Espoir.

Sasa ni majuma matatu Fulgence iko naita "Mama Espoir". Mama Fifi imekwisha. Akiamuka: Mama Espoir, maji. Akitaka kutoka inje: Mama Espoir, nishike. Juzi nilikaa pembeni yake ku kitanda, miye, mukono yangu mu mukono yake, akafunga macho akasema: "Mama Espoir, usiende mbali." Mukono yangu ameishika, na jina ya mwingine iko mu kinywa. Mu chumba munganga alikataza kelele. Lakini nilitoka inje, nikapiga vikwembe ya kufua ku jiwe mpaka moja ikapasuka.

Weye dada yake njo ulimulea, ulimujua mbele yangu. Niambie kweli. Fulgence alijuana na huyu Régine zamani? Kuna Mama Espoir mu maisha yake?

Ni miye, muke wa ndugu yako,
Denise, Mama Fifi


Mambasa, tarehe 5 mwezi wa tatu 2025

Mama Fifi,

Barua yako nimeipata mukononi mwa Mbusa, nimeisoma na mulango ya kufungwa kama ulivyoamuru. Mungu akulinde weye na Fifi. Umupongeze, lakini umwambie wa tatu si wa kwanza. Baba yake alikuwa wa kwanza miaka ine mufululizo, na daftari yake njo miye nilikuwa nanunua. Huku muvua imeanza mapema, barabara ya Komanda imegeuka matope, na wateja wa restaurant yangu wanaingia na viatu ya udongo mpaka chini ya meza. Miguu yangu inavimba jioni. Muke wa pasta amezaa mapacha, wote binti, tunashukuru.

Sasa juu ya ndugu yangu. Umeniandikia juu ya dirisha, juu ya mashini, juu ya Régine. Hukuandika kama anakula. Anakula nini? Fulgence hapendi sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta mingi, tangu utoto inamugeuza tumbo. Nauliza tu.

Mama yetu alipokufa, Fulgence alikuwa na miaka tano. Nilimufunga mugongoni na nikalima naye, miye mwenyewe nilikuwa binti ya miaka kumi na tatu. Akishikwa na homa hakutaka mukono ya mutu mwingine. Sisemi hii ili kukuumiza. Nasema juu unajua sikupata wangu wa tumbo, na watu wakiniuliza nina watoto wangapi, najibu moja.

Kama kelele ya Bunia inamuumiza, umulete huku. Nyuma ya nyumba yangu ni pori, saa sita ya muchana unasikia majani inaanguka. Nitafunga restaurant kama inalazimika. Weye utaendelea na kazi yako ya kushona bila kuhangaika, na utakuja kumuona wakati ya likizo.

Nimemupa Mbusa bidon ya asali. Ni ya Fulgence. Apewe kijiko moja asubuhi na maji ya moto.

Kwa ile jina unauliza, kichwa kigonjwa kinasema chochote. Achana nayo.

Yaya wako,
Brigitte


Bunia, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Yaya Brigitte,

Amani ikae kwako. Fifi amekuwa na malaria, amepona. Asali ilifika. Baba Fifi anaila, na anakula vizuri, juu umeuliza: anakula lituma ya ndizi, anakula samaki, anakula mboga ya lenga-lenga. Sombe ninaipika bila mafuta tangu mwaka ya kwanza ya ndoa yetu. Hakuna mutu alinifundisha, nilimuangalia uso tu akila.

Nilimuhesabia dakika. Munganga alitupatia daftari, kila siku naandika amekaa inje muda gani mbele kichwa ianze kumuuma. Mwezi wa kwanza dakika tatu. Mwezi wa pili dakika kumi. Juma iliyopita alifika makumi mbili na tano, akiwa na kofia ya majani, na akacheka na Fifi. Nilikimbia kwa Madeleine kumuambia, nikalia juu ya kitambaa ya mutu. Nakuambia hii ili ujue nani anafanya kazi hapa.

Na hii yote nimeiharibu miye mwenyewe. Nitakuelezea.

Siku ya ine ya juma uzi ulinikatikia mapema, nikarudi nyumbani saa ine. Nikamukuta Régine amepiga magoti mbele ya ndugu yako na beseni, iko namupanguza uso na kitambaa ya maji baridi. Na yeye iko nasukuma ule mukono, anasema, "Siyo weye. Siyo weye." Nikajua, wamesikia miguu yangu. Mutu akishikwa njo anasemaka vile. Basi damu ikanipanda. Nikasema, na nikasema kwa nguvu, Yaya, avenue ilisikia: "Mama Espoir, umeitwa vya kutosha. Beba vitu vyako."

Régine alikunja kitambaa, akaiweka ku beseni, akaenda. Saa kumi alikuwa ameshatoka na binti yake na mafurushi mbili, wamerudi kule ku kambi ya waliokimbia vita. Fulgence alianguka palepale ku kiti, sababu ya sauti yangu. Akatapika. Siku tatu mu giza. Leo tumerudi ku dakika ine. Daftari naiona haya kuifungua.

Na sasa mushindani hayuko, je, jina imeisha? Haikuisha. Usiku na muchana, Mama Espoir, Mama Espoir. Ananiangalia usoni miye Denise na anamuita yeye. Afazali angenipiga kofi.

Halafu nikarudilia barua yako. Uliandika kurasa tatu. Juu ya sombe mistari mingi. Juu ya mama yenu, juu ya pori, juu ya asali. Juu ya jina niliyokuuliza, mustari moja. Weye si mutu wa mustari moja, Yaya, hata salamu yako inajaza ukurasa. Siri ya mutungi aijuaye ni kata. Weye unajua huyu mwanamuke. Kama siyo Régine, basi ni mwingine, na unamufunika.

Na kumuleta kwako, hapana. Ni bwana yangu.

Denise


Mambasa, tarehe 29 mwezi wa ine 2025

Mama Fifi,

Salamu. Nimekawia kujibu juu barabara ilifungwa, kamyo zilikaa Komanda siku kumi na mbili zikingoja askari wa kuzisindikiza. Na tena nilikawia juu sikujua niandike nini. Miye sijambo. Mapacha wa pasta, moja amerudi kwa Mungu.

Umefanya vibaya kumufukuza mujane. Nenda umuombe musamaha. Huyo Régine hana neno na ndugu yangu, hakumujua, naweka mukono juu ya Biblia. Tena hakuna mwanamuke unapashwa kumuogopa. Hilo naweza kusema.

Zaidi ya hapo usiniulize. Kuna maneno si yangu. Niliapa mbele ya kaburi, na mutu wa kwetu akiapa pale hafungui kinywa mpaka yule aliyemuapisha amufungulie. Subiri Fulgence apone, umuulize mwenyewe.

Nasikia uchungu ukisema ni bwana yako, kama vile miye nilikuwa mupita njia tu. Nikimuomba aje kupumuzika kwa dada yake, nimeomba nini?

Umupe asali.

Brigitte


Bunia, tarehe 18 mwezi wa tano 2025

Yaya,

Salamu ya Fifi na ya baba yake. Yangu pia, kama unaitaka.

Kaburi ya nani?

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko Zaburi. Unasema hakuna mwanamuke napashwa kumuogopa. Basi amekufa. Fulgence alikuwa na muke mbele yangu, akazaa naye Espoir, akafa, na familia yenu yote ikanioa ikinyamaza. Miye nimepanga kwa nyumba ya marehemu miaka kumi na tano bila kujua. Wivu ya mutu aliye hai, unaweza kupigana naye, unaweza kumufukuza na mafurushi. Ya marehemu unaipiga na nini? Hazeeke, hapigi kelele, mashini yake hailie.

Nilijaribu kumuuliza Fulgence. Nilingoja siku ya uso muzuri, nikaongea chini. Nikasema, Espoir ni nani? Akaniangalia, machozi ikajaa, akaanza: "Tuli... tuli..." na neno ikakataa kutoka. Akapiga ukuta na ngumi. Munganga amesema nisimuulize tena vitu ya kumutikisa.

Basi nakuuliza weye, na ni mara ya mwisho. Niliongea na ndugu yangu Stéphane. Tarehe 15 ya mwezi wa sita, siku ya Mungu, atakuja toka Bogoro kutuchukua, Fifi na miye. Nimeshakunja vikwembe vyangu mu valizi. Kule kwetu watu wananiita kwa jina yangu. Fulgence utakuja kumuchukua, ulimutaka, utakuwa naye. Utamuhesabia dakika weye.

Usifikiri nasema bongo, maneno ya uongo. Nampenda, na sitaki kuitwa na jina ya mwingine mu kitanda yangu mpaka nife.

Denise


Mambasa, tarehe 10 mwezi wa sita 2025

Denise,

Salamu utazisamehe leo. Mbusa anaondoka na kamyo ndani ya siku mbili, nimemuahidi chakula ya bure mwaka muzima kama barua hii itakufikia mbele ya tarehe 15.

Ile barua yako niliiweka chini ya sahani siku tano. Nilijiambia, aende. Nakuandikia kweli, juu kama nitaficha hapa, nitakuwa nimeficha yote. Nilifua mashuka ya chumba ya nyuma, nikapiga dawa ya mende. Nilikuwa natayarisha kitanda ya Fulgence. Jana nilikuwa natandika na nikasikia naimba. Niliposikia sauti yangu nikaogopa, nikakaa chini ku sakafu.

Kaburi ni ya mutoto. Ni ya mutoto wako.

Mwaka 2011 mulikuwa munakaa kwangu, ulikuwa na mimba yako ya kwanza. Uchungu ilikushika siku mbili. Unakumbuka mwanzo, mwisho huwezi kukumbuka, juu damu ilikutoka nyingi na akili ikakupotea. Mutoto alikuja hakulia. Wamama wazee walisema kama wanavyosemaka siku zote: mama asimuone, asimulilie, tumbo isije ikafunga. Ulipoamuka tukakuambia, imetoka, Mungu atatoa ingine. Hatukukuambia hata kama ni kijana ao binti. Uliuliza mara moja. Miye njo nilikujibu kwamba haikukuwa bado mutu. Nilisema bongo. Alikuwa mutu kamili, wa miezi tisa. Alikuwa kijana.

Tulimupeleka wawili, Fulgence na miye. Fulgence alichimba. Miye nilimubeba. Kawaida inasema asiyelia hana jina, unamufunika na unarudi bila kugeuka. Fulgence alisimama na jembe, akakataa. Alisema: "Mutu haingie mu udongo bila jina. Huyu ni Espoir." Halafu akaniapisha pale pale. Usimuambie mama yake mpaka azae mwingine salama. Fifi alipozaliwa nilimuuliza, akasema tumuache kwanza anyonyeshe kwa amani. Kisha mukahamia Bunia. Kisha miaka.

Lakini tangu siku ile, tukiwa yeye na miye tu, hakukuita jina ingine. Mama Espoir amelala? Mama Espoir anapenda samaki ya muto, mutafutie. Ku telefone vilevile, ukitoka inje tu: Mama Espoir amechoka, Yaya, umuombee. Mbele ya watu alikuita Mama Fifi, na alijichunga, miaka kumi na ine hakuteleza hata mara moja. Sasa kichwa imepigwa, mulinzi wa mulango ameanguka, na jina ile inatoka peke yake. Mama Espoir ni weye. Tangu mwezi wa kwanza anakuita weye.

Utaniuliza juu ya nini sikusema ku barua ya kwanza. Kiapo, ndiyo. Lakini kiapo nilijifunika nayo tu. Kweli ni hii: ile jina ilikuwa ya siye wawili. Ulipomuoa, ulimuchukua na nguo zake, na njaa yake, na kicheko yake, yote ikahamia kwako, hata sombe bila mafuta ulijua mwenyewe. Nilibaki na kitu moja tu ambayo weye hukuwa nayo. Uliponiandikia kwamba unamuonea Régine wivu, nilisoma mara mbili. Nilifurahi, Denise. Nilisema, basi na yeye ajue namna inauma mutu wako kukaa mukononi mwa mwingine.

Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba usiondoke.

Kaburi iko nyuma ya nyumba, pale kwa migomba. Ni pale unaanikaka nguo ukija likizo. Majani yake naing'oaka miye.

Brigitte


Bunia, tarehe 22 mwezi wa sita 2025

Brigitte,

Leo mukono yangu inakataa kuandika Yaya. Labda itakubali mbele ya mwisho wa karatasi, sijui.

Mbusa alifika siku ya posho, tarehe 14, saa tisa, valizi ikiwa ku baraza. Nilisoma nikiwa nimesimama. Sikulia. Nilikasirika mpaka meno ikaniuma. Nilikumbuka namna nilikuwa natandaza mashuka pale kwa migomba yako, naimba, na weye unaniangalia toka jikoni unakatakata vitunguu. Mara ngapi? Miaka ngapi ulinitazama vile? Ningalikuwa na mabawa, ile jioni ningefika Mambasa na haingekuwa kwa kukusalimia.

Stéphane alikuja siku ya Mungu. Nilimupa chai, nikamuambia arudi peke yake. Hakuelewa, akasema siye wanamuke tunamupotezea esansi ya gari.

Nilingoja mpaka Fulgence apumuzike vizuri. Nilikaa ku kitanda, kikwembe ku dirisha, na nikamuita kwa sauti ya chini: Baba Espoir. Hakushangaa. Njo ile iliyonivunja. Aligeuza kichwa polepole kama munganga alivyomufundisha, akasema, "Naita weye kila siku. Naita weye, na unakasirika." Kisha tukalia, wote wawili, bila sauti, sababu ya kichwa yake. Kulia bila sauti kunachokesha sana. Siku mbili aliumwa kwa ile machozi, na daftari ilirudi nyuma tena, lakini safari hii sikuona haya kuandika. Jana alifika dakika kumi na nane.

Régine nilimuendea ku kambi. Nilipiga magoti mbele ya mahema ya watu, na uniamini, magoti yangu haijazoea. Akasema alijua ile jina haikuwa yake. Kila siku akileta maji, Fulgence alimuambia: siyo weye, muite Mama Espoir. Yeye akidhani ni kichwa inamuzunguka, hakutaka kunihangaisha. Amenisamehe kwa kinywa. Kurudi, anasema bado anafikiri. Namuelewa.

Sasa nisikilize, juu hapa njo mahali tunapigana miye na weye.

Nilimuomba Fulgence aniambie mutoto alikuwa namna gani. Alifunga macho, akatafuta. Anakumbuka jembe. Anakumbuka udongo ilikuwa nyekundu na yenye maji. Anakumbuka alisema jina. Uso, hapana. Uso imemutoka tangu alipoanguka, pamoja na nyundo na majina ya marafiki. Nyundo imerudi. Munganga anasema vingine inarudi, vingine hairudi, mutu hawezi kuahidi. Fulgence aligonga kichwa yake mwenyewe na vidole, pole pole, akasema: alikuwa hapa.

Basi umebaki weye peke yako. Régine nilimuchukia bure, muke marehemu hakukuwako, na yule mwanamuke wa kweli ni weye. Miye nilimubeba miezi tisa na sikumuona. Weye ulimubeba hatua makumi tatu na ulimuangalia. Sijapata kumuonea mutu wivu kama ninavyokuonea weye leo, na ningeweza kuipasua ile kumbukumbu toka kichwa yako na kukimbia nayo. Siwezi. Lazima nikuombe. Unajua inanigarimu nini.

Wakati ya likizo tutakuja, watatu, polepole, na kofia na vituo vingi njiani. Hakuna mutu ataanika nguo pale. Lakini siwezi kungoja likizo. Mbusa anarudi juma ijayo, anajua akungojee mpaka umalize kuandika, hata kama ni siku nzima.

Uniandikie kama alikuwa na nywele. Uniandikie vidole, masikio, rangi, kama kinywa ilikuwa wazi ao ya kufungwa. Uniandikie ulimufunga na kikwembe gani. Uniandikie alifanana na nani, na kama ni weye alifanana naye, andika tu, nitavumilia.

Usinisalimie, Yaya. Usiniulize juu ya chakula. Anza na uso wake.

Mama Espoir